Ziwa Nililodhani Ni Kwetu

Juzi niliweka mayai jikoni, nikaenda sebuleni kupokea simu ya kazini, nikayasahau kabisa. Maji yalikauka, maganda yakapasuka, na harufu ikatoka jikoni ikajaa korido nzima ya ghorofa yetu. Jirani yangu Mfilipino aligonga mlango akiwa ameziba pua kwa fulana yake, akaniuliza kwa upole kama kila kitu kiko salama. Nilimwomba radhi, nikafungua madirisha yote, na joto la Doha likaingia bila kukaribishwa. Halafu badala ya kusugua sufuria nilikaa kitini nikiwa nimeishika, naendelea kuinusa. Harufu ile naijua. Ilinikuta nikiwa na miaka sita, mbali sana na hapa, na siku hiyo niliamini kwamba mama yangu mzazi amenileta mahali pale aniache.

Wenzangu mliokulia Doha mtanielewa upesi, ila nieleze kwa ajili ya wengine. Mimi na mama tuliishi mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, chumba na sebule, juu ya duka la fundi wa kushona majalabia. Baba sikumbuki hata sauti yake. Mama alikuwa nesi, na wakati huo alikuwa ameacha zamu za hospitali, akaajiriwa na familia moja ya Wakatari kumtunza mama yao mzee, ambaye sote tulimwita Hajja. Jengo letu lilikuwa na Wakenya na Waganda wengi, lakini watoto wachache, kwa sababu mtoto akikaribia umri wa shule alipelekwa nyumbani kwa bibi yake. Kila mzazi alilijua hilo, na hakuna aliyelitaja mbele ya mtoto. Ukimwambia mtoto atalia, akilia na mama atalia, na tiketi zimeshakatwa. Kwa hiyo ilikuwa danganya toto mpaka siku ya mwisho.

Akinyi wa ghorofa ya juu, ambaye tulicheza naye kwenye ngazi, aliambiwa anaenda kuona simba. Alisukwa mistari midogo midogo ambayo ingekaa kichwani muda mrefu bila kufumuliwa, akanunuliwa viatu vilivyomzidi kidogo, na sanduku jipya la zambarau ambalo alilivuta korido nzima ili sisi wengine tulione. Mama yake alirudi peke yake, na samaki wakavu ndani ya gazeti. Nilipomuuliza Akinyi yuko wapi alisema bado anaangalia simba. Siku chache baadaye nilimsikia akimsimulia mama mlangoni kwetu, kwa sauti ya chini: alimwekea mtoto sahani ya chapati na kuku, na mtoto alipoinamia sahani, yeye akatokea mlango wa nyuma akaingia kwenye gari. Mama alimshika mkono, akamwambia ndivyo ilivyo. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, na tangu siku hiyo niliogopa vitu ambavyo watoto wengine wanaviombea: kusukwa, viatu vipya, na chakula kitamu kisicho na sababu.

Sasa fikiria hali yangu Ijumaa ile mama aliponikalisha katikati ya magoti yake akaanza kunisuka mistari midogo midogo. Machale yalinicheza pale pale. Nilimuuliza tunaenda wapi. Alisema tunaenda Japani na Hajja, kwa sababu magoti ya Hajja yanahitaji maji ya moto yanayotoka ardhini, na huko kuna ziwa zuri lililokaa juu ya mlima uliowahi kutema moto. Hajja mwenyewe alikuwa amesema nami niende, kwa sababu hakuna pa kuniacha. Nikauliza kama huko kuna simba. Mama alicheka, akasema hakuna. Hilo halikunituliza hata kidogo. Niliona wamebadilisha mnyama tu, na kesho yake viatu vikaja, na vidole vyangu vikacheza ndani yake.

Tena ziwa hilo alilolieleza mimi nililijua. Mama anatoka Baringo, na kila nilipokataa kulala alinisimulia ziwa la kwao. Huko maji yanachemka yenyewe chini ya ardhi, mvuke unapanda, na kuna harufu ya mayai mabovu inayokaa kwenye nguo. Watalii hufunga mayai kwenye mfuko, wakayatumbukiza kwenye maji yanayotokota, na baada ya muda mfupi wakayala. Majini kumejaa ndege warefu wa rangi ya waridi. Watu wanatoka dunia nzima kuja kuangalia, Wazungu, Wahindi, Wajapani wenye kamera shingoni. Na kwenye kilima kilicho juu ya ziwa anaishi kogo, ndivyo tunavyomwita bibi, ambaye mimi nilimjua kwa sauti ya simu na picha moja aliyokunja uso kwa sababu ya jua.

Niliapa sitalala kwenye ndege, nikalala safari nzima. Nilipoamka tulikuwa ndani ya gari linalopanda mlima, kwenye ukungu, katikati ya miti mirefu iliyonyooka. Sikuwa nimewahi kuona kijani kingi hivyo. Doha mti una bomba lake la maji, na unajua nani anaulipia. Hapa ilijiotea tu, bila mtu wa kuitunza. Mama alikuwa ameegemeza kichwa kwenye dirisha, na nilipomtazama aliniangalia haraka kisha akageuza uso. Nikajua hapa si Japani. Mtu yeyote angeweza kuniambia ni Japani nikiwa nimelala, na mimi ningejuaje?

Hotelini tulivua viatu mlangoni, jambo lililonitia wasiwasi zaidi, maana mtu asiye na viatu hawezi kumkimbilia mwenye gari. Vyumba vilikuwa vimetandikwa mikeka minene yenye harufu ya majani makavu, na tulilala chini, kwenye magodoro. Hapo nilipata mwenzangu wa kushuku. Hajja hakumwamini mtu yeyote mahali pale. Kila bakuli lililoletwa alilinusa kwanza, akamtuma mama kwenda kuuliza kama lina nguruwe, na mama akirudi na jibu alimtuma tena akahakikishe. Alikuwa amekuja na tende zake na chupa yake ya gahwa, kahawa ya Kiarabu, na kwa siku mbili za mwanzo tulikula tende, yeye kwa sababu zake na mimi kwa zangu. Mama alisema tutamuua kwa aibu. Mimi na Hajja tuliendelea kutafuna.

Kesho yake tulipanda kigari kinachoning'inia kwenye waya, tukapita juu ya bonde. Ghafla miti ikaisha, chini yetu kukawa na mawe ya manjano na moshi mweupe unaotoka kwenye nyufa za ardhi, na kabla mlango haujafunguliwa harufu ile ikaingia. Mayai mabovu. Nilimtazama mama, naye akavuta pumzi kwa raha, akafumba macho, akasema, "Jebet, unaisikia? Ni kama nyumbani kabisa." Hapo ndipo nilipomkamata. Alikuwa amejisahau akasema mwenyewe kwamba tuko kwao.

Baada ya hapo kila nilichokiona kilikuwa ushahidi. Watu walishusha vikapu vya chuma vyenye mayai ndani ya maji yanayochemka, kama alivyosimulia. Yalitoka meusi tititi, lakini mama hakuwahi kuniambia rangi, kwa hiyo sikuona kosa hapo. Kuhusu watu, ndiyo, walikuwa Wajapani watupu, na wengi walikuwa na kamera. Si alisema watalii wa Kijapani huja? Walikuwa wamekuja. Nilichosubiri ni kogo atokee. Nilichungulia nyuma ya kila kibanda, nikitafuta mwanamke mwenye uso uliokunjwa na jua.

Mama alinunua mayai, akammenyea Hajja moja na mimi moja. Muuzaji alisema ukilila unaongezewa miaka ya kuishi. Hajja alilitazama lile ganda jeusi, akasema kwa Kiarabu kwamba yai la namna hiyo hajaliona kwenye dini wala nje ya dini, akakunja mikono. Nami nikakunja mikono. Mama alinibembeleza, akalitia chumvi, akanisogezea mdomoni, na kadiri alivyobembeleza ndivyo nilivyomkazia macho, kwa sababu Akinyi aliachwa akiwa ameinamia sahani. Nilikuwa na njaa mpaka tumbo linauma. Nilimwambia ale yeye kwanza, na alile akiwa amekaa chini.

Mchana tulishuka ziwani. Maji yalikuwa ya kijani kizito, yametulia, na milima imeyazunguka pande zote. Ndege walikuwepo, wakubwa, weupe, shingo ndefu, ila walikuwa wa plastiki na watu wamekaa tumboni mwao wakikanyaga pedali. Nilijiambia mama aliwatia chumvi alipowasimulia. Kitu kimoja tu ndicho kilichokataa kuingia mahali pake. Ukingoni, ndani ya maji, kulikuwa na geti jekundu refu ajabu, limesimama bila ukuta wala nyumba nyuma yake, na hapakuwa na mlinzi. Mimi sijawahi kuona geti lisilo na mlinzi. Kila geti nililolijua Doha lilikuwa na Mkenya au Mganda amesimama, anayemwita mama dada na kuniuliza mimi naendeleaje. Ikiwa hapa ni Kenya yenyewe, walinzi wote wako wapi? Nilikaa na swali hilo muda mrefu, nikaona jibu ni moja tu: wote wako Doha. Basi na hilo likawa limeingia mahali pake.

Jioni mama alienda kwenye simu ya hotelini, akapiga, na akaongea Kitugen, lugha ya kwao Baringo. Kwetu Kiswahili kilikuwa lugha ya mimi na yeye, Kiingereza cha kazi, Kiarabu cha kuokoteza cha Hajja, na Kitugen kilikuwa lugha ya mambo ambayo hayanihusu. Lakini jina langu lilikuwemo. Nililisikia likitajwa tena na tena, na kila likitajwa mama alishusha sauti. Alipomaliza alibaki amekishika kile kipokezi kifuani. Kogo yuko karibu, nikasema, wamepanga, ni kesho.

Hoteli ilikuwa imetupa majoho ya pamba ya kulalia, yenye mikanda mirefu ya kuzungushia kiunoni. Mama alipopitiwa na usingizi nilichukua ncha ya mkanda wake, nikaifunga na ncha ya wangu. Nilifunga fundo nililolijua, lile la viatu, nikalirudia mpaka kitambaa kikaisha. Kisha nikalala nikiwa nimelikumbatia.

Mama aliamka alfajiri kumsaidia Hajja kutawadha. Nilihisi nikivutwa kwenye mkeka, nikafumbua macho, nikamwona amepiga magoti, ameshika lile fundo kwa mikono yote miwili. Nilingoja anigombeze. Nilingoja aniulize kwa nini nimefanya mchezo huo na Hajja anasubiri. Mama hakuuliza kwa nini. Alilichezea fundo kidogo bila kulifungua, kisha akaniuliza kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia.

"Nani amekuambia?"

Nimekuwa mtu mzima, nimeambiwa maneno mazito kuliko hayo, na hakuna lililonipiga namna ile. Muda wote ule, pamoja na ushahidi wangu, kuna sehemu yangu ilikuwa ikisubiri kuambiwa kwamba nimekosea. Sikuwa nimekosea. Nilimjibu kwamba hakuna aliyeniambia, nimejua mwenyewe.

Hajja aliita kutoka upande wa pili, mama akamjibu kwa Kiarabu asubiri kidogo. Kisha akakaa chini, na fundo bado liko katikati yetu, akanieleza. Tukitoka hapa tutatua Doha, lakini hatutatoka uwanjani. Tutapanda ndege nyingine, ya Nairobi, na kutoka Nairobi tutaenda kwa kogo, na mimi nitabaki huko nisome. Mama Akinyi, ambaye ndiye aliyekuwa akinishika mchana, mkataba wake umekwisha na anarudi kwao. Hajja sasa anahitaji mtu usiku na mchana. Alisema yote hayo akitazama mkeka. Alisema alikuwa ametaka nione kitu kizuri kwanza.

"Kwani si tumeshafika?" nikamuuliza.

"Tumefika wapi?"

"Kwa kogo."

Hakuelewa. Ikabidi nimfafanulie, moja baada ya jingine: maji yanayochemka, harufu, mayai, ndege, watalii wa Kijapani, walinzi waliohamia Doha. Nilipofika kwa walinzi mama alianza kucheka. Alicheka akiwa ameziba mdomo asimshtue Hajja, mabega yakitikisika, na kwa kuwa tulikuwa tumefungwa pamoja nami nilitikisika. Sikujua kicheko kiligeuka kilio saa ngapi. Aliniambia hapa ni Japani kweli, na kwamba Baringo hakuna ukungu wala miti mirefu hivi, kuna miiba na jua. Nilimwambia simwamini. Alisema ana haki ya kutoaminiwa, na tangu hapo hatanidanganya tena, hata kama nitalia.

Hajja alipopata habari, kwa sababu macho ya mama yalisema kabla ya mdomo, alikasirika. Alisema nyumba yake ni kubwa, ina vyumba visivyolaliwa na mtu, mtoto akae humo, kuna shida gani? Mama alimshukuru sana, akakataa. Baadaye aliniambia, na ameniambia tena nikiwa mkubwa, kwamba hakutaka nikulie jikoni kwa watu, nikijifunza kunyamaza wageni wakiingia. Wakati ule sikuona ubaya wowote wa jikoni. Nilimchukia mama kwa siku nzima, hadharani, na yeye alikubali kuchukiwa bila kulalamika.

Siku iliyofuata tulirudi kule kwenye moshi. Mama hakunibembeleza. Alinipa yai, akasema kabla sijaligusa, "Sitaondoka. Lakini kama bado unaogopa, nishike." Nikashika mkoba wake kwa mkono mmoja, nikala kwa mkono mwingine. Ndani lilikuwa jeupe kama yai lolote, kiini chake cha moto, na chumvi ikabaki kwenye midomo. Hajja aliliona lile jeupe, akaguna, akanyoosha mkono naye apewe, akala mawili. Tulipanda ndege wa plastiki, tukakanyaga pedali mpaka katikati ya ziwa, na mama alinionyesha mlima mkubwa uliojitokeza nyuma ya mawingu, ambao kwetu haupo. Nilifurahi, nikajikumbusha nisifurahi sana.

Maana sikuacha kushuku. Hata Doha, uwanjani, Hajja alipokwisha kupokelewa na wanawe, nilimuuliza mama kila mlango tuliopita unaenda wapi, na kila mara alinijibu kwa jina la mahali. Nilimlazimisha anisomee tiketi. Nilimuuliza mhudumu wa ndege kama kweli tunaenda Nairobi, na mama hakuona aibu, alisubiri nijibiwe. Kisha Baringo ikaja yenyewe, na kweli ilikuwa miiba na jua, na mbuzi wamesimama barabarani. Ndege wa waridi walikuwa hai na walikuwa wengi kuliko alivyosimulia. Kogo alikuwa mfupi kuliko picha yake. Mama alikaa nasi mpaka likizo yake ikakaribia kuisha, na kila jioni aliniambia, bila mimi kumuuliza, siku zilizobaki.

Usiku wa mwisho nilimsikia kogo akimshauri mama, kwa Kiswahili, aondoke kabla sijaamka. Alikuwa na nia njema, alitaka kuniepusha na machungu, na amelea wajukuu wengi kwa njia hiyo. Mama alimjibu kwa Kitugen, na sikuelewa alichosema. Nililala nikiwa na hakika kwamba nitaamka nikute kitanda kitupu, kwa sababu mtu mzima akishauriwa na mama yake husikiliza.

Giza lilikuwa bado halijaondoka vizuri nilipoguswa bega. Mama alikuwa amechuchumaa kando ya kitanda, amevaa nguo za safari, mkoba begani, na gari nje likinguruma. Nilikuwa nimelala fofofo, angeweza kwenda zake na nisingejua mpaka jua limepanda.

"Jebet, amka," alisema. "Naondoka sasa."

Nilimuuliza anaenda wapi, ingawa nilijua.

"Doha, kazini. Wewe unabaki na kogo."

Nililia nikamshikilia shingo, nikalia mpaka nikatapika kwenye viatu vyake, naye akalia, na kogo akasimama mlangoni akitikisa kichwa, onyo lake likiwa limetimia mbele ya macho yake. Mama alinibeba mpaka kwenye gari, akanishusha, akaingia, akafunga mlango nikiwa namtazama. Siku nzima nilikataa kula, na majirani wakaja kuuliza kuna nini. Lakini sikwenda kuchungulia nyuma ya mlango, wala chini ya kitanda, wala kule chooni. Nilijua mama yuko wapi.